Kupima Giza Arua, Kuamua Kumbikumbi Lurujo

Tangu nirudi Kitale, kila anayeingia studio kupigwa picha ya pasipoti ananiuliza swali lile lile: ni kweli nilizuiliwa na mwenyekiti wa kijiji, huko mpakani, kwa sababu ya kumbikumbi? Si kweli. Mimi niliombwa nisiondoke mpaka shauri liishe, nikapewa kiti na chai ya tangawizi. Lililozuiliwa ni gari. Basi naandika yote mara moja, anayetaka kuuliza asome kwanza.

Wengi wenu mnakijua kile kikundi chetu cha kutazama nyota. Mwaka huu tuliingia kwenye mradi ambao watu wa kawaida, wasio wanasayansi, wanapima mwanga wa usiku kwa simu zao. Unaweka programu kwenye simu, unasimama mahali usiku ukishaingia, unaelekeza kamera juu na kutulia, nayo inakupa namba. Namba ikiwa kubwa, anga lina giza la kutosha. Ikiwa ndogo, taa zimelichafua. Halafu unaulizwa unaona nyota ngapi, unachagua picha inayofanana na anga lako, na kipimo chako kinakuwa nukta kwenye ramani. Kona ile Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini haikuwa na nukta hata moja. Nikasema, kwa kujisifu tu, kwamba nina rafiki Arua anayeitwa Candiru, tuliyejifunza naye kazi ya picha. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshateuliwa.

Karuma hadi Arua: napata udaktari

Kampala hadi Karuma hakukuwa na la kusimulia. Mambo yalianza Pakwach, tulipovuka Nile na dereva akashuka kununua samaki. Alinunua samaki mkubwa aliyekaushwa kwa moshi, urefu wa mtoto wa chekechea. Ili asinukishe basi, utingo alimfunga nje, mbele kabisa, chini ya kioo. Tukaondoka. Baada ya vilima kadhaa dereva akafunga breki. Samaki hakuwepo.

Basi zima likarudi nyuma kumtafuta samaki. Tulimpata kando ya barabara akiwa na mwenyewe mpya, korongo mmoja mwenye upara na shingo kama soksi, ambaye hakuwa na haraka wala woga. Dereva alisema kosa ni la utingo aliyefunga vibaya. Utingo alisema kosa ni la dereva anayekimbia. Abiria wakagawanyika, upande wa kulia na dereva, wa kushoto na utingo, na wote wakashuka ili wabishane vizuri. Korongo alikula akitusikiliza.

Ni hapo mzee tuliyekaa naye kiti kimoja, mstaafu aliyefundisha kwaya maisha yake yote, aliponiuliza shughuli zangu.

"Madamu naenda kufanya nini Arua?"

"Kupima kama watu wanaona nyota usiku."

"Kama mutu hapana ona?"

"Tunaandika kwamba haoni, halafu tunatafuta sababu."

"Na sababu ikipatikana?"

"Mara nyingi ni taa. Tunawaambia watu wapunguze taa kali."

Akanitazama kwa heshima kubwa. "Iko kweli," alisema. "Mama yangu nasema kila siku. Taa naumiza macho yake." Kisha akatoa simu, akaongea Kilugbara kwa sauti ya mtu aliyezoea kwaya isiyosikia. Mimi niliambulia maneno matatu: "dokita", "Kenya" na "Manibe". Manibe ndiko nyumbani kwa akina Candiru. Sikuyaunganisha.

Manibe: wagonjwa wa nyota

Candiru alinipokea Arua, nikalala nikaoga nikawa mtu tena. Kesho yake jioni tukaenda Manibe, maana mjini taa za maduka zilikuwa zimeniharibia kila kipimo. Gari lilikuwa la Rajab, jirani yake Candiru, Mnubi wa Arua ambaye babu yake alikuja na jeshi na kuwaachia wajukuu Kiswahili chake. Rajab alikipenda Kiswahili hicho na hakukipenda changu.

"Swahili yako iko ya kitabu," aliniambia kabla hatujatoka hata mjini. "Naongea kama redio."

Tulipoingia uani Manibe, nikakuta watu wamekaa mstari. Wengine kwenye viti, wengine kwenye mabenchi ya kanisa, mmoja juu ya kinu kilichopinduliwa. Wengi walikuwa wazee, na karibu wote walikuwa wakipepesa macho. Mwalimu wa kwaya alikuwa mbele yao akiwapanga.

Candiru alielewa kabla yangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaeleza kwamba mimi si daktari wa macho, mimi ni mpiga picha, na ninachopima ni anga. Candiru akatafsiri. Walisikiliza kwa adabu, hakuna aliyeinuka. Mama mmoja akasema jambo, wote wakaafiki kwa vichwa.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema wameshakaa."

Basi nikawapima. Giza lilipoingia tuliinua vichwa sote, na kwa kuwa programu inauliza mtu anaona nyota ngapi, nikamuuliza kila mmoja. Mzee wa kwanza alisema anaziona zote. Nikamwambia upande ule una mawingu. Akasema na za nyuma ya mawingu anaziona. Wa pili aliziba jicho moja akatoa jibu, akaziba la pili akatoa jibu jingine, kisha akataka nimwambie jicho lipi linadanganya. Wawili waligombana kuhusu nyota moja nyekundu mpaka ikabainika ni taa ya mnara wa simu.

Mama yake mwalimu wa kwaya alikuwa wa mwisho. Alikuwa mdogo wa mwili, mzee sana, na alinishika mkono.

"Ziko upande gani?" aliuliza. "Geuza mimi."

Nilimshika mabega nikamgeuza. Aliinua uso, akasubiri. Nilipomulika kidogo usoni kwake kwa mwanga wa simu niliona ukungu mweupe umetanda kwenye macho yote mawili. Sikucheka tena jioni ile. Nilimwambia Candiru, naye akamwambia mwalimu wa kwaya kwamba huo ni mtoto wa jicho, unaweza kutolewa, na ampeleke mama hospitali kesho asubuhi, asingoje daktari wa kwenye basi. Alimpeleka. Wiki iliyopita Candiru alinipigia simu: bibi ameshatolewa ukungu kwenye jicho moja, na jambo la kwanza alilofanya ni kumgombeza mwanawe kwa nguo alizovaa.

Baada ya vipimo tulikula. Walipika enyasa, ule ugali mweusi wa muhogo, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim, na nilikula kama mtu aliyetoka kulima. Nilipotaja kwamba kesho tunaelekea Koboko, mama mwenye nyumba alitabasamu.

"Wakati huu wa mvua?" alisema. "Kule watakupa onya mpaka utachoka."

Nikaacha kutafuna. "Watanionya kwa nini?"

"Watu ya kule hapana nyima mugeni. Hata asubuhi watakupa onya. Hata na chai."

Nililala nikifikiria wilaya ambako wageni wanaonywa na chai.

Arua hadi Koboko: onya njiani

Candiru alibaki na kazi zake, tukaenda mimi na Rajab. Njiani Rajab aliimba, akasalimia kila trafiki kama ndugu, na mimi nikapanga maneno ya kujitetea. Tulipoipita Maracha sikuweza kuvumilia.

"Rajab, hawa watu wa Koboko ni wakali?"

"Wakali? Hapana. Iko watu muzuri sana."

"Mbona kila mtu anasema watanipa onyo?"

"Onya," alinirekebisha. "Na mimi iko nayo hapa." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa, akanipa bila kuondoa macho barabarani. Ndani mlikuwa na kumbikumbi waliokaangwa, wenye chumvi, bado vuguvugu. "Kula. Hii ndiyo onya. Hiyo ya kwako iko kwa kitabu."

Onya, kwa Kilugbara, ni kumbikumbi. Nilikula karatasi nzima kwa sababu ya furaha.

Koboko mjini mvua ilitukalisha. Mchana inanyesha, jioni mawingu, na programu haitaki mawingu. Tulikunywa chai kwenye hoteli moja mpaka mwenye hoteli akatuachia watoto wake tuwaangalie aende sokoni. Mawingu yalipopasuka nilitoka haraka, nikasimama mahali pa wazi kando ya barabara na kuinua simu.

Mtu mmoja akasimama kando yangu akatazama juu. Akaja mwingine. Wakawa umati.

"Iko nini?" mmoja aliuliza.

"Hakuna kitu," nikajibu.

"Basi tunaangalia nini?"

"Napima giza."

Wakataka kunisaidia. Kila mwenye simu aliwasha tochi akaielekeza juu ili nione giza vizuri zaidi. Namba ya Koboko iliyoingia kwenye ramani ni mbaya kuliko mji unavyostahili, na naomba radhi kwa wenyeji.

Nilijaribu kueleza. Nilisema mwanga mwingi ukienda mahali pasipotakiwa unaitwa uchafuzi wa mwanga, na kwamba unasumbua ndege, wadudu, hata mimea. Niliposema "wadudu", mwanamume mwenye koti la mvua alipenya mpaka mbele. Alijitambulisha kuwa mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Lurujo, amekuja mjini kununua misumari.

"Hiyo taa chafu," alisema, "sisi iko nayo. Moja. Iko kwa mashine ya Wani. Naharibu kumbikumbi na naharibu familia. Wewe nakuja kesho na mashine yako."

Halikuwa swali.

Lurujo: shauri la taa

Lurujo ni mashamba na vichuguu. Vichuguu vile vina wenyewe. Baba anamwachia mwanawe kichuguu kama anavyomwachia shamba, na mvua zikianza, mwenye kichuguu anachimba shimo kando yake, anaweka taa ndogo juu ya shimo, anafunika kwa majani, na kumbikumbi wakitoka wanaufuata mwanga na kuanguka shimoni.

Kichuguu cha shauri letu kilikuwa cha Keji, mjane aliyeachiwa na mumewe. Msimu mmoja mzuri wa kichuguu hicho ulivalisha watoto wake sare za shule. Ng'ambo ya njia ilikuwa mashine ya kusaga ya Wani, mdogo wa marehemu, yaani shemeji yake. Wezi walipoiba mkanda wa mashine, Wani alisimamisha nguzo na kutundika taa ya umeme wa jua, kali kama za uwanja wa mpira. Tangu hapo kumbikumbi wa Keji wakitoka wanaipita taa yake ndogo kama hawaijui, wanaruka ng'ambo, wanajigonga kwenye ukuta wa mashine. Asubuhi Wani anawafagia na kuwatia kwenye beseni.

Keji aliacha kumsalimia. Aliacha pia kusaga kwake, na alibeba mtama kichwani mpaka mashine ya kijiji kingine, akirudi kupitia mbele ya mlango wa Wani, polepole, ili aone.

Kijiji kizima kilikuja. Mwenyekiti aliomba ufunguo wa gari la Rajab, akautia mfukoni. "Kwa usalama," alisema. Rajab, aliyejisifu njia nzima kwamba hakuna mtu West Nile asiyemheshimu, aliutoa kwa mikono miwili.

Wani aliongea kwanza, amekasirika. "Wanasema taa yangu iko chafu. Napanguza na kitambaa kila Jumamosi! Nani hapa napanguza taa?" Hakuna aliyepanguza taa. "Na hii kumbikumbi, mimi naita? Iko na mabawa. Nakuja yenyewe."

Keji hakuinuka. "Shemeji," alisema, na watu wakatulia maana lilikuwa neno lake la kwanza kwa Wani tangu taa ile isimame. "Ng'ombe yako ikija yenyewe kwa shamba yangu, mimi nachinja?"

Watu wakaguna. Wani akajibu kwamba taa inalinda hata wanawake wanaosaga jioni, na wanawake kadhaa, kwa shingo upande, walikubali kwamba ni kweli. Nilimwonea huruma kila aliyezungumza. Mwenyekiti akasimama akatangaza kwamba mashine ya Kenya itaamua.

"Mwenyekiti," nikasema, "simu hii haijui kumbikumbi ni wa nani. Inajua giza tu."

"Basi ipime giza, sisi tutajua yetu."

Niliwaza haraka. Nikasema nahitaji vipimo viwili, taa ikiwaka na taa ikiwa imezimwa. Ilionekana kuwa haki. Kisha Wani akanikaribia na kuninong'oneza.

"Madamu. Hii taa hapana zimwa."

Lurujo: jioni ya blanketi

Ilikuwa kweli. Taa ile haikuwa na swichi. Jua likizama inawaka, jua likichomoza inazima, na kiwanda kilichoitengeneza hakikutaka binadamu aingilie. Mvua ilinyesha alasiri, ikakatika, anga likawa safi kabisa. Jioni ilipoingia taa ikawaka juu yetu sote, nikachukua kipimo cha kwanza. Namba ilikuwa ya aibu, kana kwamba niko Kampala.

Rajab alikuwa na wazo. Taa inazima ikiona jua, kwa hiyo tuidanganye. Mwenyekiti alimrudishia ufunguo kwa muda, akapanda naye garini asije akatoroka, na Rajab akaegesha gari juu ya tuta akakielekezea kibao cha jua taa zake kali. Taa ya Wani ikafikiria kumekucha, ikazima. Watu wakapiga makofi. Lakini sasa uwanja wote uliwaka kwa taa za gari. Rajab alipozima za gari, ya Wani ikawaka. Walifanya hivyo tena na tena, gari na nguzo wakikonyezana, mpaka Keji akasema, "Chukueni blanketi."

Ikaletwa ngazi na blanketi zito la mke wake Wani. Wani alipanda akaizungushia taa blanketi, lakini kila alipoachia liliteleza. Ikabidi abaki juu amelikumbatia.

Na giza likaja.

Mimi natazama nyota kila juma, lakini sikuwahi kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza pamoja. Anga lilijaa mpaka kingo. Mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. Niliinua simu ili nipime, na wakati huohuo Keji, aliyekuwa amechuchumaa kando ya kichuguu na taa yake ndogo, akaita kwa sauti ya chini: "Natoka."

Kumbikumbi walitoka kama maji yanayochemka. Sauti ya mabawa yao ilikuwa kama karatasi nyingi zinazosuguana. Watu wakasahau shauri, wakasahau mimi, wakataka kuona. Tochi za simu zikawaka kila upande, na kumbikumbi wakaacha shimo la Keji wakatujia sisi. Waliingia masikioni, kwenye kola, kwenye chai. Tochi kali kuliko zote ilikuwa ya mwenyekiti, na kwa dakika chache mwenyekiti hakuwa na uso.

"Zima!" alipiga kelele akitema mabawa. "Zima simu! Mutu yote!"

Tulizima. Wakatuacha, wakarudi kwenye mwanga mdogo wa Keji, wakaanza kuanguka shimoni kama mvua. Tulisimama gizani tukisikia tu. Kisha ikatoka sauti juu ya ngazi.

"Shemeji! Iko mingi?"

Keji alichungulia shimoni. "Iko mingi," alisema.

"Mikono nachoka. Nishuke?"

"Ukishuka sitakusalimia tena mpaka kufa. Shika blanketi!"

Akashika. Alishika mpaka kichuguu kilipotulia, na alipokuwa karibu kuanguka Rajab alipanda nyuma yake kumwegemeza mgongo. Kumbikumbi walipokwisha, Keji alijaza bakuli, akapanda vidato viwili vya ngazi akamnyooshea. Wani hakuwa na mkono wa kupokea. Akafungua kinywa tu, na Keji, mbele ya kijiji kizima, akamlisha shemeji yake kumbikumbi wabichi kama mtoto.

Mwenyekiti aliamua pale pale, bado akijikung'uta. Msimu wa kumbikumbi, jioni ikiwa mvua imenyesha, taa itavalishwa blanketi mpaka Keji aseme basi. Kumbikumbi watakaobaki wataangukia upande wowote watakaotaka. Blanketi litanunuliwa jingine, maana mke wa Wani alikuwa ameanza kuuliza.

Ndipo nikakumbuka kipimo changu. Simu ilikuwa imepima yenyewe wakati wa vurugu na kunipongeza: giza kuu kuliko lolote lililowahi kurekodiwa na kikundi chetu. Nilipoigeuza nikakuta kumbikumbi amejibandika barabara juu ya kamera. Tulikuwa tumepima tumbo lake. Rajab alisema nitume, nani atajua. Nilifuta, pamoja na kile cha chini ya taa, maana hakikuwa cha anga. Ndiyo maana, kwa wale wanaouliza, Lurujo haina nukta kwenye ramani. Mawingu yalirudi kabla sijapima upya.

Asubuhi, tukiwa tumepewa onya na chai kama nilivyoahidiwa, tulipita mashine kuaga. Wani alikuwa amesimama mlangoni kichwa kimepinda upande mmoja, hawezi kukigeuza. Keji alikuja na mtama kichwani, akautua mbele yake, hakumsalimia.

"Saga," alisema.

"Shemeji, shingo nauma sana."

"Kwani unasaga na shingo?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakashikana. Wani naye alitaka kucheka, akashika shingo, akaugua, akacheka hivyo hivyo. Kisha akainama upande, akafunga mkanda, akazungusha mpini, na mashine ikanguruma. Keji akajifunga kitenge vizuri, akasimama karibu na mdomo wa mashine akingoja unga wake.